Nusu Milioni Sebuleni

Spika zilifika Alhamisi jioni, migongoni mwa makarani wawili. Msomaji wa Tanga au Mombasa asidhani hao ni watu wa kalamu na faili. Huku Kigali karani ni mchukuzi, na hawa walikuwa wachukuzi kwelikweli. Nyuma yao alikuja mume wangu, amejizungushia nyaya mwili mzima kama mvuvi aliyenaswa na wavu wake mwenyewe.

Anayeijua Nyamirambo anajua nyumba zetu zilivyokaa. Barabara iko juu, nyumba iko chini, na katikati kuna ngazi za mawe ambazo mvua ya masika hupunguza moja kila mwaka. Karani wa kwanza alipokanyaga uani alitua mzigo, akaukalia, akaomba maji. Wa pili hakutaka maji. Alitaka waongezewe faranga mia tano kila mmoja, maana walipatana bei ya redio na hii, alisema, si redio, ni nyumba ya redio.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mabukwe kama ilivyo desturi ya huku, alitoka jikoni na ungo wake wa maharage. Akazitazama spika mbili, kila moja kimo cha kitinda mimba wetu aliye darasa la pili. Akamtazama mwanawe. Kisha akaniuliza mimi, kwa Kiswahili, lugha anayoichagua akitaka kumsema mtu aliyesimama mbele yake:

"Mukazana wangu, haya makabati yana funguo?"

(Kiswahili chenyewe alikijua tangu ujana wake mtaani Biryogo, ila mwaka 2017 Bunge lilipokifanya lugha rasmi ya nchi alianza kuniita mimi, mtu wa Tanga, "Serikali". Nikikosea chumvi kwenye mboga, Serikali imekosea chumvi.)

Chanzo cha yote ni wifi yangu wa Brussels. Desemba alikuja kutusalimia, akaacha mashine ya santuri na albamu moja, sahani mbili ndani ya jalada moja: The Concert in Central Park ya Simon na Garfunkel. Mume wangu aliwahi kuisikia utotoni kwenye kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa kutoka kanda, mpaka makofi ya watu yakawa yanasikika kama mvua juu ya bati. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na kiu ya kuyasikia makofi yale yakiwa makofi.

Kwa asiyewajua, Paul Simon na Art Garfunkel ni Wamarekani wawili waliokulia Queens, New York, wakaimba pamoja tangu shuleni, wakatengana 1970 majina yao yakiwa juu kuliko wakati wowote. Tarehe 19 Septemba 1981 walisimama tena jukwaa moja, bila kiingilio, katika bustani ya Central Park, ambayo wakati huo ilikuwa imechakaa na kuhitaji fedha za matengenezo. Inakadiriwa walikuja watu 500,000. Albamu ikatoka Februari 1982.

"Laki tano," alisema mume wangu mezani, kijiko hewani.

Kifungua mimba wetu, binti wa sekondari anayesoma hesabu na fizikia, aligawanya hapohapo. Uwanja wa Amahoro, baada ya kukarabatiwa na kufunguliwa tena 2024, unabeba watu 45,000. Kwa hiyo ni Amahoro kumi na moja na chenji. BK Arena inabeba 10,000. Kwa hiyo ni BK Arena hamsini.

"Sasa unataka Arena hamsini niwasikilize kwa sabufa ya dukani?" baba yake akauliza, na hilo ndilo lililozileta spika.

Ugomvi wa muziki wa laivu ulianza usiku uleule. Mume wangu ana imani kwamba albamu ya laivu ndiyo mtihani wa mwanamuziki, kwa sababu hana pa kujificha. Binti anashikilia kwamba albamu ya laivu ni albamu ya kawaida iliyoongezewa makosa na makofi. Mabukwe alisikiliza pande zote mbili, akauliza hiyo laivu maana yake nini. Akaambiwa ni muziki unaorekodiwa ukiwa hai, watu wakiwepo.

"Kwani huo mwingine ni maiti?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi nilicheka peke yangu, halafu nikasema langu, ambalo kwa kawaida husemwa mwisho na kusikilizwa robo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na redio kaseti, akarekodi taarabu ya harusi ya shangazi yangu pale Ngamiani, Tanga. Jina la mwimbaji limenitoka. Wimbo wenyewe naukumbuka nusu. Lakini katikati ya ubeti wa pili mama mmoja, karibu kabisa na kinasa sauti, anasema kwa ghadhabu, "Nani kakalia mkoba wangu?" Tumekua na kanda ile. Hadi leo ndugu zangu wakiuimba wimbo huo wanauimba na mkoba ndani yake, mahali pake, kwa sauti yake, na anayeuruka huambiwa hajui wimbo. Ndiyo maana mimi kwenye albamu ya laivu humtafuta yule mtu ambaye hakualikwa kuimba.

Mume wangu aliona hoja hii inafaa kuandikwa. Akatafuta daftari la mazoezi la mtoto, akachana kurasa za hesabu, akaandika jaladani: MAONI YA WASIKILIZAJI. Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, majirani wakiwa wameshikana mikono na majembe bado yana udongo, angewaalika nyumbani waje wasikilize na kutoa maoni. Mimi nikaambiwa habari hiyo Ijumaa saa tatu usiku, pamoja na idadi: watu wanane. Walikuja kumi na wanne.

Sebule yetu haikujengwa kwa mambo haya. Kochi kubwa lilitolewa uani. Kabati la vyombo likasogezwa ukuta wa kati, mashine ya santuri ikawekwa juu yake, amplifaya chini ya mashine, spika moja kulia, nyingine kushoto, zote zimegusana na kabati kwa sababu nafasi nyingine haikuwepo. Lakini juu ya kabati lile tayari palikuwa na mwenyewe. Ni icyansi cha Mabukwe, chombo cha mti cha kuwekea maziwa, alichokirithi kwa mama yake. Katika nyumba za zamani za Kinyarwanda vyombo vya maziwa vilikuwa na jukwaa lao maalumu, uruhimbi, na hakuna kilichochanganywa navyo. Nyumba ya matofali ya Nyamirambo haina uruhimbi, kwa hiyo Mabukwe aliteua kabati.

"Mama, tukihamishie jikoni kwa leo tu," mwanawe akaomba.

"Kilikuwepo kabla yako," akajibiwa.

Na ili jambo liwe wazi zaidi, Jumamosi asubuhi alikijaza maziwa ya mgando kwa ajili ya wageni, akakifunika kifuniko chake cha ususi, akakirudisha pale pale, kiganja kimoja kutoka kwenye mashine ya santuri.

Saa nane mchana watu walikuwa wamekaa. Alikuwepo Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, ambaye siku zake za ujana alipiga gitaa kwenye sherehe na bado anakata kucha za mkono mmoja tu. Alikuwepo Fundi umeme, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Walikuwepo akina mama wanne waliokuja kuangalia samani zangu, na vijana kadhaa waliokuja kwa harufu ya mishkaki.

Mume wangu alitaka kufungua na kitu cha nyumbani kabla ya wageni wa Marekani. Akaunganisha simu na amplifaya, akawawekea The Good Ones, albamu yao ya 2019, Rwanda, You Should Be Loved. Kundi ni la hapa hapa. Adrien Kazigira, Janvier Havugimana na wenzao ni watu wa vilimani, na albamu ile ilirekodiwa shambani kwa Kazigira, si studio, wakiimba papo kwa papo. Aliyewarekodi ni Mmarekani Ian Brennan, aliyekutana nao alipokuja Rwanda 2009 na mkewe, Marilena Umuhoza Delli, ambaye mama yake ni Mnyarwanda. Mwaka 2010 ikatoka albamu yao ya kwanza, Kigali Y' Izahabu, yaani Kigali ya dhahabu. Brennan ana tabia hiyo ya kufuata sauti ziliko: ndiye aliyekwenda kisiwa cha Ukerewe, upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, kurekodi watu wenye ualbino wakiimba nyimbo zao wenyewe, zikatoka 2017.

Katika watu kumi na wanne sebuleni, aliyewahi kuwasikia The Good Ones ni Mwalimu peke yake. Wenye kuwajua wako London na California, alisema, sisi tunapishana nao barabarani.

Gitaa likaanza. Sauti mbili zikaingia juu yake, moja ikiegemea nyingine. Mume wangu akafungua daftari.

Fundi alikuwa wa kwanza. "Besi iko wapi?"

Akaambiwa haipo. Akaandikwa: Fundi, besi haipo.

Kijana mmoja akasema hii ni demo, wakimaliza wataipeleka kwa produsa. Binti yangu akamsahihisha: produsa alikuwepo, na tena albamu hii ina wageni wakubwa wa roki wa ng'ambo waliokuja kuongezea chao, Nels Cline wa Wilco, Kevin Shields wa My Bloody Valentine, Corin Tucker wa Sleater-Kinney. Kijana akasikiliza tena, kichwa kimeinama. "Hao wote wamo? Basi wamefundishwa adabu. Wamekaa kimya kama wakwe."

Hilo nililipenda, na ni kweli. Magitaa ya umeme ya wageni wale yanapita nyuma ya nyimbo kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Mwalimu alifumba macho muda mrefu. Alisema huu ni ukoo wa zamani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita huku na mashine yake akirekodi ngoma na nanga za Rwanda, na mwaka huohuo kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamnasa kijana Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, akiimba Kiswahili. Hapakuwa na studio wala marudio. Jogoo akiwika, amewika. Mwalimu alisema anachokisikia kwa The Good Ones ni kwamba waimbaji wale wanasikilizana, wala hawasikilizi mashine. Na nyimbo zao nyingi ni za mapenzi, akaongeza, jambo ambalo mtu asingelitegemea. Waimbaji wenyewe waliupitia 1994, na sebuleni kwetu mwaka huo haufafanuliwi. Akina mama waliacha kutazama samani zangu.

Mabukwe alikuwa amesimama mlango wa jikoni wakati wote huo. Mwanawe akamwelekezea kalamu. Maoni?

"Hawa watu waliimba wakiwa wamekaa," alisema. "Nyinyi mmewasimamisha."

Akarudi jikoni. Mume wangu aliiandika sentensi hiyo, akaitazama, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.

Adhana ya alasiri ilipoanza, sauti ilipunguzwa mpaka sifuri, na hii ndiyo mara pekee siku ile mume wangu alipougusa ule mduara wa sauti na kuuzungusha kushoto. Adhana ilipokwisha, santuri ilitolewa kwenye jalada lake kama mtoto anayetolewa nje siku ya arobaini. Mume wangu akatoa hotuba fupi. Akaeleza juu ya bustani, juu ya laki tano, juu ya ugomvi wa wale wawili: kwamba Garfunkel alitaka wasimame wao wawili tu na gitaa la Simon, kama walivyokuwa, na Simon akataka bendi kamili yenye matarumbeta. Bendi ilishinda. Watu kumi na mmoja walipiga nyuma yao usiku ule.

Kabla sindano haijagusa sahani, wageni walikuwa wamegawanyika tayari. Fundi na vijana, chama cha Simon: watu laki tano utawatosheleza na gitaa moja? Mwalimu, chama cha Garfunkel: sauti mbili zilizokua pamoja hazihitaji kusindikizwa na maandamano. Mimi nilikuwa napakua mishkaki. Ningeulizwa, ningesema kwamba ndoa yoyote ina Simon mmoja na Garfunkel mmoja, na katika nyumba yetu Simon alikuwa ameshika rimoti.

Sindano ikagusa. Sijui niseme nini juu ya makofi yale. Kwenye spika zile hayakuwa mvua ya bati tena. Yalianza mbali, kama lori linalopanda kutoka Nyabugogo, yakaja, yakajaa, yakapita juu ya vichwa vyetu, na mume wangu alisimama katikati ya sebule macho yamemlowa. Miaka thelathini na kitu alisubiri. Nilimwonea huruma, nikamsamehe zile mia tano tano za makarani.

Msamaha huo ulidumu nyimbo tatu.

Kwanza alikuja jirani wa ng'ambo ya pili ya bonde dogo, kitenge kipya begani, kajipaka manukato. Akanikumbatia mlangoni, akanilaumu kwa upole. Inawezekanaje nimtoe binti bila kumwambia? Sikumwelewa. Akanionyesha sebule kwa kidevu. Jumamosi, saa kumi, viti vimejaa, watu wanapiga makofi na kushangilia: kama si gusaba ni nini? Gusaba ni siku ya kuposa, na kweli huwa na makofi mengi, kila msemaji wa upande mmoja akimshinda wa upande mwingine kwa maneno. Nyuma yake walikuwepo wengine watatu. Mmoja alikuwa amebeba kreti ya soda.

Binti yangu alizisikia habari za posa yake akiwa ameshika sinia. Aliliweka chini. Alisema, kwa sauti iliyowafikia wote kumi na wanne na hata wale laki tano, kwamba yeye ana mtihani wa fizikia Jumatatu. Halafu akajifungia chumbani.

Mwalimu, ambaye kila jambo humkumbusha santuri, alitumia nafasi hiyo kutueleza habari ya Bob Dylan. Tarehe 17 Mei 1966, Manchester, Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme, na waliomtaka wa zamani, wa gitaa kavu, walikasirika. Kati ya nyimbo mtu mmoja ukumbini akapaza sauti akamwita Yuda. Ilinaswa. Kanda ile ilizunguka kwa magendo miaka mingi ikiitwa kwa makosa onyesho la Royal Albert Hall la London, mpaka ikatolewa rasmi 1998, na Yuda yumo. "Haya ndiyo maoni ya msikilizaji," alisema Mwalimu akiligonga daftari la mume wangu kwa kidole. "Yako humo ndani ya albamu. Hakuna aliyeyaandika."

Nikamwambia huyo ni mama wa mkoba wangu kabisa. Mwalimu hakuijua habari ya mkoba, nikawa naanza kumsimulia, na ndipo aliposimama mlangoni mutwarasibo.

Kwa walio nje ya Rwanda: isibo ni kaya chache tu, ngazi ya chini kabisa chini ya umudugudu (kijiji), na mutwarasibo ndiye kiongozi wake. Wetu ni mama mpole mwenye sauti ndogo, na Kigali nzima inajua kwamba kelele si jambo la mzaha katika mji huu. Hakufoka. Alisalimia, akaulizia afya za watoto, akapongeza usafi wa ua, kisha akasema kuna watu wamempigia simu kuuliza kama kuna mkutano wa hadhara ambao yeye hana taarifa nao.

Mume wangu angeweza kupunguza sauti. Badala yake, kwa sababu alikuwa mtu mwenye furaha, alitaka mutwarasibo naye asikie kidogo, wimbo mmoja tu, aone kwamba si kelele, ni historia. Akamkaribisha kiti. Akazungusha mduara kulia.

Hapa Fundi alinieleza baadaye kilichotokea, nami nakieleza kama nilivyokielewa. Sindano ya santuri ni sikio. Inasoma mtikisiko wa mfereji, lakini haichagui. Mtikisiko wowote unaoifikia inauhesabu kuwa muziki. Spika zikigusana na kabati lililobeba mashine, zinaitikisa sindano, sindano inapeleka mtikisiko huo kwenye amplifaya, amplifaya inaurudisha kwenye spika ukiwa mkubwa zaidi, spika zinaitikisa sindano zaidi. Ni umbeya. Neno linatoka nyumba hii, linarudi limenenepa.

Sisi tulichosikia ni mngurumo chini ya muziki. Fundi alikuwa anatabasamu, akidhani hatimaye besi imepatikana. Mngurumo ukakua. Vikombe vyangu vya chai vikaanza kuimba kabatini. Simon na Garfunkel wakazama, tukabaki na mlio mmoja mnene kama pembe ya meli, na katika mlio huo nilikiona icyansi kinatembea. Sitanii. Kilitembea taratibu, kwa heshima, kama mzee anayeondoka kwenye kikao kisichomfaa, kikazunguka nusu, kikafika ukingoni.

Kilianguka kwa mgongo juu ya mashine, kikamwaga maziwa yote, kikabingirika hadi miguuni kwa mutwarasibo. Maziwa ya mgando hayakimbii kama maji. Yaliishukia santuri, ikayazungusha raundi mbili tatu na kuwagawia waliokaa mbele, kisha yakateremka polepole ndani ya matundu ya amplifaya. Ikasikika sauti kama ya mtu anayefungua soda. Umeme ukakatika nyumba nzima, na kwenye chumba cha mpangaji, na kwa Fundi, ambaye siku hiyo ndipo tulipojua kwamba amejiunganishia waya kutoka kwetu.

Kimya. Wali wa wageni ulikuwa kwenye sufuria la umeme, umeiva nusu.

Mabukwe alitoka jikoni. Alitazama ukuta. Alitazama sahani nyeusi yenye maziwa meupe, ikiendelea kuzunguka kwa mazoea. Huku maziwa hayamwagiki hivihivi, kila mtu mle ndani alijua, na watu wazima wote wakainamisha macho kama wanafunzi. Akamwendea mutwarasibo, akainama, akakiokota icyansi, akakigeuza akikikagua. Mti wa zamani; hakikuwa na ufa.

"Kelele zimeisha," alimwambia mutwarasibo. "Kaa, ule mishkaki."

Aliketi, akala. Alikula vizuri pia, na akaandika maoni kwenye daftari kwa mkono wake, ingawa hakuombwa: nyimbo mbili za kwanza zilimpendeza, watu walikuwa wengi mno.

Tulimaliza jioni kwa mishumaa na kreti ya soda ya posa. Mwalimu alisimulia Mwenda, mimi nikasimulia mkoba. Binti alitoka chumbani saa mbili usiku kuuliza kama ameshaolewa au aendelee na mitihani. Mume wangu hakusema kitu. Alikuwa anaosha santuri kwenye beseni kwa maji ya uvuguvugu, kwa vidole, jinsi wanavyooshwa watoto wachanga.

Sahani ya kwanza ilipona, ya pili inaruka. Amplifaya haikupona. Fundi aliifungua, akainusa, akasema inahitaji kuzikwa. Tuliuzungumza pia ule waya wake, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Jumapili jioni nilikuwa natwanga kisamvu uani, Mabukwe amekaa kwenye kigoda na ungo wake. Mume wangu alikuja na simu. Hakusema neno. Akachukua kikombe cha bati, akaisimamisha simu ndani yake, spika ikielekea chini, akakiweka juu ya jiwe karibu na mama yake. Walikuwa The Good Ones, wimbo uleule wa kwanza. Kutoka kwenye kikombe gitaa lilikuwa dogo na la karibu, na sauti mbili zile zilikuwa na kimo cha watu. Kuku wa jirani alipita. Niliacha kutwanga, nikaona ni vibaya, nikaendelea taratibu.

Mabukwe alichambua maharage mpaka wimbo ukaisha.

"Sasa wamekaa," alisema.

Mume wangu aliingia ndani, akarudi na daftari, akatafuta ile alama ya kuuliza ya Jumamosi, akaifuta.

Spika bado zipo. Moja tunapigia pasi juu yake, nyingine inazuia mlango wa stoo usifunguke. Zote mbili zinauzwa, ziko katika hali nzuri, hazikuguswa na maziwa. Anayezitaka aje Nyamirambo siku yoyote isipokuwa Jumamosi. Bei tutaelewana, ila makarani aje na wake.